Mnara wa Choroko

Ngamiani, Tanga
Alasiri

Mwanangu Mwantumu,

Salamu sikutumii, kwa maana tuko nyumba moja na ukuta mmoja tu ndio unaotutenga: upande huu mimi na kalamu, upande wa pili wewe na sanduku lako la bati, nami nakusikia ukilifunga, ukalifungua tena, ukatoa kitu, ukakirudisha. Kesho asubuhi treni ya Moshi itakuchukua, na kutoka Moshi utaendelea hadi ng'ambo ya ziwa, kwenye chuo kile kile nilichosoma mimi nilipokuwa kijana. Ni ajabu kumwandikia mtu ambaye ningemwita kwa jina akaitika. Lakini ulimi wangu nimeuzoea mno, mwanangu. Najua jinsi unavyonipitisha kando ya jambo ninalotaka kulisema, nikajikuta nimesema jambo jingine lililo zuri zaidi. Kalamu ni nzito kuliko ulimi, wala haipigiwi makofi.

Sitakuagiza uvae nini kwenye baridi ya huko, wala ule nini, wala ufanye urafiki na nani. Shangazi zako wamekwisha kukujaza mawaidha wiki nzima hata nadhani sanduku lile halifungi kwa sababu yao. Mimi nataka kukueleza habari moja tu, nayo ni habari ya choroko.

Najua umekunja uso. Juzi, tulipokuwa tukila chakula cha mchana, uliniambia bila kuinua macho: "Baba, stesheni twende wawili tu, mimi na wewe. Mama abaki."

Nikakuuliza kwa nini, ilhali nilijua.

"Watu wa mtaani watakuwa wengi pale. Sitaki waanze."

"Waanze nini?"

"Bi Choroko, Bi Choroko. Unajua, Baba."

Mama yako alikuwa hatua nne kutoka mkekani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilitega sikio nione kama mkono wake utasita. Haukusita. Nazi iliendelea kushuka katika kombe, nyeupe, taratibu, nawe ukaendelea kula, nami, mtu niliyewahi kusimamisha ukumbi mzima wa chuo kwa sentensi moja, nikanyamaza kama jiwe la kizingiti. Tangu juzi hiyo sijalala usingizi ulionyooka.

Basi nisikilize.

Ulikuwa na umri wa miaka saba hivi vyano vya kuoteshea choroko vilipoingia nyumbani kwetu. Nashindwa kujua ni kiasi gani cha siku zile unachokikumbuka wewe na ni kiasi gani ulichosimuliwa. Mimi mwenyewe nikizikumbuka huziona kama mtu anayetazama chini ya maji yaliyotulia, kila kitu kipo mahali pake na kila kitu kinatikisika kidogo. Ng'ambo ya uchochoro alikaa jirani yetu wa Kihindi tuliyemwita Mama Jasu. Asubuhi moja alimletea mama yako bakuli la choroko zilizochipua, kila moja na mkia wake mweupe, zimekaangwa kidogo kwa haradali na ndimu. Mama yako alicheka. "Mama Jasu, umenipikia choroko za mikia? Hizi zikitambaa mezani nitakuja kulala kwako." Lakini alionja, akaonja tena, kisha akavuka uchochoro kwenda kuuliza.

Mama Jasu alimfundisha kwa maneno machache, kwa Kiswahili chake alichokishona mwenyewe: loweka, funga katika kitambaa kibichi, weka gizani, mwagia maji, mwagia tena. "Maji ipite," akasema, akipitisha kiganja kimoja juu ya kingine. "Maji hapana kaa. Ikikaa, choroko naoza. Ikipita, naota."

Mama yako hakuridhika na kitambaa. Wewe unamjua: mtu akimwonyesha njia, yeye hutazama kama kuna njia ya mkato inayofika mbali zaidi. Alikwenda kwa Fundi Makame, yule mtengeneza vitanda vya kamba wa barabara ya nyuma, akamwomba fremu nne za mbao za kasha la chai, kila moja upana wa mikono miwili, na badala ya ubao wa chini zisukwe wavu wa kamba nyembamba za katani, kama kinavyosukwa kitanda. Na kila fremu iwe na miguu minne mifupi, urefu wa kidole kilicholala, ili moja ikikaa juu ya nyingine upepo upate pa kupita.

"Vitanda vinne," Fundi Makame akasema. "Vya kulala nani, Bi mkubwa? Paka?"

"Paka wangu wana mikia myeupe," mama yako akamjibu. "Wewe suka tu, usikaze mno."

Akaviita vyano, japokuwa vina pembe nne na chano cha kweli ni cha mviringo. Akatandika katika kila kimoja kipande cha marekani kilichofuliwa mpaka kikalainika, akatandaza choroko zilizolala ndani ya maji, unene wa kidole kimoja tu, akavipandanisha vyote vinne juu ya sinia, akavifunika kaniki kuukuu. Na kwa kuwa hatukuwa na saa ya ukutani, akafuata sala. Kila alipotawadha, alichota kata moja zaidi, akafunua kaniki, akamwagia chano cha juu. Maji yakapita chano cha kwanza, yakadondoka cha pili, yakachujika cha tatu, yakafika cha nne, yakatulia katika sinia.

Sauti ile, mwanangu. Nikiwa barazani nasahihisha madaftari ya shule niliisikia ikishuka daraja kwa daraja, haraka juu, polepole chini, kama mtu anayehesabu tasbihi na usingizi unamchukua. Wewe ulikuwa ukichuchumaa pale uani, shavu lako karibu na kaniki, ukiuliza maswali ambayo chuo kizima hakikunifundisha kuyajibu. "Baba, choroko zinajua kama ni giza?" Na siku moja: "Mbona za chini zinakunywa maji ya za juu?" Mama yako ndiye aliyekujibu. "Ndiyo maana kila alfajiri za chini hupanda juu, na za juu hushuka. Hakuna anayekaa juu siku zote katika nyumba yangu." Siku ya tatu alifunua, na ule weupe ulikuwa umefunika wavu wote, mikia imepenya katani ikaning'inia kwa chini, na harufu yake ilikuwa harufu ya mvua kabla haijanyesha. Tulizila kwa tui la nazi. Nadhani hiyo ndiyo furaha pekee niliyowahi kuwa nayo bila kuitolea hotuba.

Baadaye nikaitolea.

Mwaka uliofuata watu wa shamba moja la mkonge, mbele ya Pongwe, waliweka mapanga yao chini, wakagoma. Unajua ya kutosha kuhusu mashamba hayo, sina haja ya kukuchorea. Mimi nilikuwa mwalimu niliyekwisha kuonywa mara mbili na wakubwa wangu, na kila onyo lilinifanya nijione mrefu zaidi. Chuoni nilikuwa nimeongoza wenzangu kukataa chakula kibovu cha bwaloni. Nilipanda juu ya benchi, nikasema, na sahani mia zikapinduliwa kwa pamoja. Kijana akishasikia mlio wa sahani zinazopinduliwa kwa neno lake, mwanangu, huutafuta mlio huo maisha yake yote. Nikautafuta Pongwe.

Posho ilikatwa siku ile ile. Kilichobaki kambini kwao ni unga wa mahindi, na watoto, ambao hata kabla ya hapo hawakuona mboga, fizi zao zilikuwa zikitoka damu. Mimi nililijua jambo hilo kutoka vitabuni: nilijua kwamba mbegu ikichipua huzaa ndani yake kitu ambacho mbegu kavu haina, kitu kinachoponya fizi. Nilijua pia kwamba gunia moja la choroko likioteshwa huwa chakula cha magunia kadhaa. Nikasimama juu ya pipa mbele ya watu wa Pongwe, nikawaahidi. Nakumbuka maneno yenyewe, kwa aibu nayakumbuka: "Wao wamefunga ghala, sisi ghala letu linaota gizani!" Walishangilia hata ndege wakatoka kwenye mapaa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Hakukataa. Alikubali kwa moyo mmoja, na kwa siku kadhaa vyano vinne vilifanya kazi bila kupumzika, naye akipeleka kapu kila siku kwa lori la kuni, na akina mama wa kambini wakafundishwa kuzipika. Fizi haziponi kwa siku mbili, lakini watoto walikula na kucheka, nao wakaziita choroko za mikia kama alivyoziita yeye. Lakini kapu moja halikufanana na hotuba yangu. Mimi nilikuwa nimeahidi ghala. Nikamwendea Fundi Makame, nikaagiza vyano vinane zaidi.

Ndipo zilipokuja habari kutoka Kigombe kwamba shangazi yake mama yako amefariki. Alikuchukua wewe akaenda mazikoni, na matanga yalikuwa ya siku tatu. Kabla ya kutoka alinisimamisha uani, buibui limekwisha kumshuka mabegani.

"Mwalimu, nisikilize, usinisikilize kama unavyowasikiliza wakaguzi wako. Usipandishe zaidi ya vinne. Unene kidole kimoja. Kila sala, maji. Alfajiri, vya chini juu."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeitikia?"

Nikacheka. Nikamwambia aende, watu wanangoja.

Alipokwisha kutoka, nilisimama mbele ya vyano kumi na viwili. Nilivipandisha vyote pamoja, kwa sababu nilitaka mnara. Sikuwa na sababu nyingine, ingawa nilijiambia ninazo. Wajumbe wa kambi walikuwa waje nyumbani siku ile, nami nilitaka waingie uani waone kitu kinachosimama. Lakini mnara wenye miguu katikati uliyumba, na kimo chake kikapita makuti ya jiko. Basi nikachukua msumeno. Nikaikata miguu, chano baada ya chano, miguu arobaini na minane. Nikaviketisha kimoja juu ya kingine pasipo nafasi, vikanyooka, vikaingia chini ya makuti kana kwamba jiko lilijengwa kwa ajili yao. Na kwa kuwa choroko zilikuwa nyingi, nikazitandaza unene wa vidole vinne.

Wajumbe walikuja, wakatazama juu mpaka chini, mmoja akaondoa kofia. Nami, Mungu anisamehe, nikawaambia kwamba huo ndio umoja wenyewe: tumekata miguu iliyokuwa ikitutenga, sasa hakuna hata upepo unaoweza kupita kati yetu. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilipoisema niliona inanipendeza mimi mwenyewe, nikairudia Pongwe mara mbili.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, Mwantumu. Choroko inapochipua hupumua na kutoa joto, kila moja joto lake dogo lisilohisika. Ndiyo sababu ya ile miguu mifupi, ndiyo sababu ya kidole kimoja. Mama yako hakuyasoma hayo popote. Mimi nilikuwa nimeyasoma, yamo katika daftari langu la chuo kwa mwandiko wangu. Lakini daftari halikuwa mkononi siku ile. Mkononi palikuwa na msumeno.

Siku ya pili niliondoka asubuhi kwenda kuhutubu. Sala ya adhuhuri ikapita na sikuwapo kumwagia maji. Alasiri ikapita. Watu walitaka kusikia zaidi, nami nilitaka kusikiwa zaidi. Niliporudi jua likiwa linazama nilifunua kaniki, nikatia mkono katika chano cha saba, nikautoa. Palikuwa na joto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Choroko ziliteleza baina ya vidole, na harufu ilikuwa ya togwa iliyosahauliwa.

Hapa ndipo ningeweza kuzimwaga. Nataka ujue kwamba nilijua. Mtu akikuambia, "Baba yako alikosea kwa kutojua," usikubali. Nilizisuuza mara nyingi, kisha nikakamua ndimu, nikazisuuza kwa maji ya ndimu, ili harufu iondoke. Nikanusa. Nikajiambia zimekuwa sawa. Asubuhi nikazipakia katika lori, makapu sita, na kambi ikaimba zilipofika.

Kufikia jioni yake watu zaidi ya ishirini walikuwa wakitapika. Mtoto wa Bi Tausi wa pale kambini, binti wa miaka mitatu aliyeitwa Mwajuma, alikula konzi nzima ya choroko mbichi kabla hazijapikwa. Alichukuliwa hospitali ya shamba akiwa amelegea kama kitambaa, akakaa huko siku mbili bila kujulikana kama atarudi. Alirudi, alhamdulillahi. Lakini neno lilikwisha kuenea kambini kwamba chakula cha mwalimu kina sumu, na watu wenye njaa hawawezi kuendelea kukataa kazi huku wakiogopa pia kula. Walianza kurudi kwenye mkonge wawili wawili, wakiinamisha vichwa.

Kesho yake wengine walikuja kuniuliza. Walikusanyika mahali pale pale, nami nikapanda juu ya pipa lile lile, kwa sababu sikujua kusimama mahali pengine. Mama yako alikuwa amefika kutoka Kigombe adhuhuri ile. Alisikia habari njiani, hakupita hata nyumbani, alikuja moja kwa moja akasimama upande wa wanawake. Wewe ulikuwa umeshika pindo la kanga yake. Nilikuona.

Mzee mmoja akauliza, bila ukali: "Mwalimu, choroko hizi aliziotesha nani?"

Nami nikasema: "Ndugu zangu, hiyo ni kazi ya nyumbani. Nilimwachia mke wangu, naye alikwenda mazikoni akazisahau. Wanawake ni binadamu, msimlaumu."

Msimlaumu! Hata uongo wangu niliuvika kanzu ya huruma.

Vichwa vyote viligeuka. Yeye alinitazama kitambo, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya, akitaka kuwa na hakika kwamba ameisoma sawasawa. Kisha akavuta kanga yake mbele kidogo, akakushika mkono, mkaondoka. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Bi Choroko huyo," na wengine wakacheka kile kicheko cha watu waliochoka. Jina likapanda lori la kuni, likafika Ngamiani kabla yenu.

Wewe ulikua ndani ya jina hilo. Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ulimwambia mama yako asije shuleni siku ya zawadi, nami nilikuwa barazani, nilisikia, nikafungua gazeti. Ulipomsimulia rafiki yako kwamba mama yako aliwahi kuvunja mgomo wa watu wazima kwa uzembe wake, ukasimulia vizuri, kwa mpangilio, kwa sauti inayopanda na kushuka mahali panapofaa, nilisikia pia. Niliisikia sauti yangu. Una ulimi wangu, mwanangu. Mwalimu wenu mkuu aliponiambia kwamba katika mjadala hakuna aliyekuweza, nilijivuna, kisha nikaenda kukaa peke yangu. Huko uendako watakupenda kwa ulimi huo. Watakupa pipa lako. Siku hizi, na uhuru ukiwa midomoni mwa kila mtu, mapipa ni mengi kuliko mahindi. Sikukatazi kupanda, tuna haja ya watu wa kupanda. Nakuomba tu uiogope sentensi inapokupendeza kabla hujatia mkono ndani ya chano. Na usipotia mkono, au ukiutia ukaudanganya, basi angalau usimtafute aliyesimama kimya upande wa wanawake.

Mara moja tu, miaka mingi iliyopita, nilimuuliza mama yako kwa nini hakusema. Alikuwa akisuka upya wavu wa chano uliolegea. Hakuinua kichwa.

"Ulikuwa juu ya pipa," akasema. "Ningekuvuta mguu ungevunjika."

"Ungeacha nivunjike."

"Mtoto alikuwa anakutazama, Mwalimu. Nilisema moyoni, mama anaye hata akidharauliwa. Baba akianguka leo mbele ya watu hawa, hatainuka tena machoni pake." Akavuta kamba kwa meno, akaifunga fundo. "Nilidhani utamwambia mwenyewe. Siku moja."

Siku hiyo moja niliiahirisha, mwanangu, kama deni la sala. Nikaja kuzoea kupendwa nawe kwa mali ya mtu mwingine.

Leo alfajiri, ulipokuwa bado umelala, nilipanda basi la kwanza kwenda Pongwe. Sikukuaga kwa sababu sikujua kama ningeweza. Nilimtafuta Bi Tausi, nikamkuta mbele ya nyumba yake anapepeta mchele, na msichana mrefu anafua pembeni. Alikuwa ni Mwajuma yule. Nilisimama chini, juani, nikamwambia yote: miguu niliyoikata, sala nilizozikosa, joto, ndimu. Sikupamba. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Ukweli usiopambwa ni mfupi kweli.

Bi Tausi hakuacha kupepeta.

"Tulijua," akasema.

Nikamuuliza walijuaje.

"Mkeo alikuja hospitali kesho yake baada ya mkutano wako, kwa miguu kutoka mjini. Alikaa na mtoto wangu siku mbili, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hakusema neno juu ya choroko. Nikamshika mkono nikamwambia, 'Dada, mtu aliyesahau huomba radhi. Wewe mbona huombi?' Akaangua kilio. Basi nikajua." Akapuliza makapi. "Wote hapa tunajua, Mwalimu. Tulilikuta jina lile midomoni tukaliacha. Nyinyi wa mjini ndio mliolishika. Sisi tulikuwa tunakungoja wewe tu, tuone utachukua miaka mingapi."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimerudi na basi la adhuhuri, nikaketi kukuandikia. Nimemwambia mama yako ninachokifanya. Aliuliza jambo moja: kama nataka kukupa barua kesho dirishani mwa treni. Nikakiri kwamba ndivyo nilivyokusudia, uisome ukiwa umefika Korogwe au mbele zaidi, mahali ambapo hasira yako haitanifikia. Akasema: "Hapana. Mpe leo. Mtoto akikasirika lazima awe na mtu wa kumkasirikia, si ukuta wa behewa." Amesema kweli. Hajawahi kukosea katika jambo lolote lililohusu kuacha nafasi.

Kwa hiyo nitaitelezesha chini ya mlango wako nikishamaliza mstari huu. Ukitaka kunijia, nipo barazani, sina gazeti. Ukitaka kusema maneno makali, yaseme. Nimekufundisha mwenyewe namna ya kuyapanga, na nitayasikiliza mpaka mwisho bila kujibu. Usipotaka kuniona hadi treni iondoke, hilo nalo ni haki yako, nami sitamtuma shangazi yako yeyote kuja kukusihi.

Ulisema stesheni twende wawili tu. Nadhani ni hesabu nzuri. Mimi nitabaki. Nimekuaga hapa, kwa mkono wangu, kwa maneno ambayo hayakunipendeza hata moja.

Mama yako ametoa buibui lake jipya, amelipiga pasi, kisha akalirudisha kabatini. Nimemwona akifanya hivyo mara mbili tangu adhuhuri. Mwanangu, inuka ukamwambie. Bado hajui kama amealikwa.

Baba yako